Majeruhi mmoja, majeruhi watano

Lori likipinduka kwenye barabara ya Nyakanazi, redio hutangaza kwamba majeruhi watano wamekimbizwa hospitali. Akiwa mmoja, wengine humwita "mjeruhi", wakidhani ma- ni alama ya wingi. Siyo. Neno liliingia zima kutoka Kiarabu, majruh, yaani aliyejeruhiwa. Mjeruhi angekuwa yule anayejeruhi, na kumwita hivyo mtu aliyevunjika paja ni kumwonea.

Nalishikilia hili la mmoja kwa sababu hata madaktari humhesabu hivyo. Utafiti wa CRASH-2, uliochapishwa mwaka 2010, ulifuatilia majeruhi 20,211 katika nchi 40, kila mmoja na saa aliyoumia. Ukaonyesha kwamba traneksamiki, dawa ya bei nafuu inayozuia damu iliyoganda isiyeyuke upesi, hupunguza vifo vya wanaovuja damu. Sharti ianze ndani ya saa 3 tangu kuumia. Ikichelewa zaidi haisaidii, na huenda ikadhuru.

Sasa pima safari ya kutoka Biharamulo hadi hospitali ya Bugando, Mwanza. Zamani gari la wagonjwa lilisubiri kivuko cha Busisi; tangu Juni 2025 linapita darajani, na hiyo ni nafuu kubwa. Barabara yenyewe haikufupika. Sindano ya kwanza ichomwe Biharamulo, damu ikiwa bado inatoka, na kwenye karatasi ya rufaa, kando ya jina la majeruhi, iandikwe saa aliyoumia.