Chemsha Bongo Iliyomtia Mwandishi Madeni

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, wengi wetu tulionja utamu wa hadithi za upelelezi tungali bwenini, tukimfuata Bwana Msa katika vitabu vya Mohamed Said Abdulla. Msomaji wa hadithi hizo hushindana kimoyomoyo na mpelelezi: nani atamjua mwuaji kwanza? Mwaka 1905, huko Uingereza, Edgar Wallace, mwandishi wa habari wa gazeti la Daily Mail, aliyageuza mashindano hayo kuwa ya fedha.

Wallace alitunga riwaya iitwayo The Four Just Men. Ndani yake waziri anaonywa kwamba asipouacha mswada wake wa sheria atauawa. Polisi wanamzunguka, naye anajifungia chumbani peke yake. Hata hivyo anakufa. Aliuawaje? Wallace hakusema. Alikitoa kitabu kwa gharama zake mwenyewe bila ufumbuzi, akaahidi zawadi za jumla ya paundi 500: paundi 250 kwa wa kwanza, 200 kwa wa pili na 50 kwa wa tatu. Akamwaga fedha nyingi katika matangazo.

Kitabu kilinunuliwa sana, na majibu yakamiminika. Kwa bahati yake mbaya, wengi walipata. Walitambua kwamba kifo kilipita katika waya wa simu, kwa nguvu ya umeme.

Hapo ndipo tatizo lilipojitokeza. Masharti ya mashindano hayakutaja idadi ya washindi, hivyo kila aliyepatia alikuwa na haki ya kudai zawadi nzima. Wallace akanyamaza. Mwaka 1906 ukaingia bila orodha ya washindi, na manung'uniko yakazidi, kwani paundi 250 zilikuwa mali kubwa kwa mfanyakazi wa wakati ule. Mwisho Alfred Harmsworth, mwenye gazeti, akihofia jina la gazeti lake, alimkopesha zaidi ya paundi 5,000 ili watu walipwe. Kitabu kilichouzwa kwa maelfu kikamwachia mwenyewe madeni.

Sisi watumishi wa serikali husemwa sana kwa kupenda masharti, na pengine twastahili. Lakini tuwafikirie wasomaji wale. Walinunua kitabu, wakakesha, wakafumbua fumbo kwa akili zao. Kisha wakaonekana wasumbufu kwa kudai walichoahidiwa. Sharti lililosahauliwa halimwumizi aliyelisahau peke yake. Humwumiza kwanza mwenye haki yake, anayesimama mlangoni akiambiwa arudi kesho.

Kwa hiyo, Kamati yetu ikiamua siku moja kuweka chemsha bongo katika jarida hili, nitaiunga mkono na nitashiriki. Ila naomba, kabla ya swali la kwanza kuchapwa, iandikwe washindi watakuwa wangapi, na wakizidi itakuwaje.