Gurudumu Kubwa katika Njia ya Wapagazi: Baiskeli ya Chuma Unyamwezini

Katika sehemu kubwa ya karne ya 19, karibu mizigo yote iliyopita kati ya Bagamoyo na Ujiji, zikiwemo pembe za ndovu, nguo, shanga na nyaya za shaba, ilisafiri juu ya vichwa na mabega ya watu. Mapori ya miombo yalijaa mbung'o, wadudu wanaoeneza nagana, ugonjwa unaoua ng'ombe na farasi. Ndiyo maana msafara wa wamisionari wa London uliojaribu kwenda bara kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe mwaka 1877 ulipoteza wanyama wake na kulazimika kutegemea wapagazi. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba takriban frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na njia aliyoifuata ilikuwa ya mguu, yenye upana wa mtu mmoja, iliyopinda kila ilipokutana na gogo au kichuguu. Wasafiri wa Kiingereza Richard Burton na John Speke waliondoka pwani mwezi Juni 1857 wakaingia Kazeh, makao ya wafanyabiashara wa Kiarabu yaliyokuja kuwa sehemu ya Tabora, mwezi Novemba mwaka huohuo. Historia ya baiskeli Unyamwezini, yaani nchi ya Wanyamwezi inayozunguka Tabora, inaanzia katika njia hiyo, kwa sababu baiskeli ndiyo iliyoweza kuingiza gurudumu mahali ambapo gari la ng'ombe lilishindwa.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikaondoa upagazi wa masafa marefu, lakini haikugusa safari ya kutoka kijijini hadi stesheni, ambayo ilibaki ya miguu. Wakati huo chombo cha kuijaza nafasi hiyo kilikuwa kimekwisha kukamilika Uingereza: mwaka 1885 John Kemp Starley alitengeneza baiskeli ya magurudumu mawili yaliyokaribiana ukubwa, yenye mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma, na mwaka 1888 John Boyd Dunlop akasajili tairi ya upepo. Viwanda kama Raleigh cha Nottingham vilieneza muundo huo katika makoloni, na chini ya utawala wa Waingereza baiskeli ya chuma ikawa miongoni mwa mali ambazo mkulima au karani alizitamani kuliko nyingi nyingine.

Baiskeli hiyo ilikuwa na gurudumu la inchi 28, ambalo rimu yake, pale tairi inapokaa, ina kipenyo cha milimita 635. Kwa desturi ya Kiingereza gurudumu la mbele lilikuwa na spoki 32 na la nyuma 40, kwa kuwa uzito wa mpandaji na wa mzigo wa kwenye keria huangukia nyuma. Breki zake zilivutwa kwa fito za chuma badala ya waya, na mipira yake ilibana rimu kutoka upande wa ndani, kwa hiyo hata rimu iliyopinda kidogo kwenda kando iliendelea kushikwa. Foku ya mbele haikuwa na shokapu. Ililala kuelekea mbele, na ulalo huo, pamoja na urefu wa fremu, ulipunguza mitikisiko.

Ukubwa wa gurudumu una faida inayoeleweka: gurudumu lenye kipenyo kikubwa hukutana na mzizi au ukingo wa shimo kwa pembe ndogo zaidi, likapanda juu yake badala ya kugonga, na shimo dogo hulivuka bila kuzama. Chuma nacho hupinda kabla ya kukatika, na kikikatika huchomelewa na fundi yeyote mwenye mtambo wa kuchomelea, ilhali alumini huhitaji ustadi na vifaa ambavyo mafundi wengi wa vijijini hawana. Fundi wa chini ya mwembe, mwenye spana chache, gundi, viraka na gololi za akiba, aliweza kuifungua baiskeli nzima na kuirudisha barabarani siku hiyohiyo.

Baada ya Uhuru, Raleigh ilipata washindani: Phoenix kutoka Shanghai, Hero kutoka Ludhiana nchini India, na Swala ya kiwanda cha umma cha NABICO. Majina yalibadilika, muundo ukabaki. Juu ya keria hizo zimepita madumu ya asali kutoka porini, magunia ya mkaa, maji ya kisimani na wagonjwa waliopelekwa Kitete, hospitali ya mkoa wa Tabora.

Wakati muundo huo ukibaki vilevile Tabora, huko Marekani vijana wa Marin, California, walianza miaka ya 1970 kuteremka milima kwa baiskeli nzito za chuma zenye magurudumu ya inchi 26, na kutokana na mchezo huo ikazaliwa baiskeli ya mlimani, ambayo katika miaka ya 1990 ilivishwa shokapu na fremu za alumini. Mwaka 1999 zilianza kuuzwa tairi pana za mlimani za inchi 29, na baadhi ya watengenezaji wakarudia fremu ya chuma na foku isiyo na shokapu. Hata hivyo rimu ya inchi 29 ina milimita 622, ndogo kuliko ile ya inchi 28 iliyozoeleka Tabora, na tairi zake haziingiliani.

Tofauti hiyo ina uzito kwa anayechagua leo. Tairi nyembamba ya zamani huzama katika mchanga wa kiangazi, na tairi pana ya inchi 29 hutibu kasoro hiyo, ila haina faida iwapo dukani hapatikani nyingine ya kuibadilisha. Shokapu ya bei nafuu huingiwa na mchanga ikakwama, wala haifai kwa mzigo mzito. Mwenye kutafuta baiskeli ya kazi Unyamwezini apime njia, mzigo na uwezo wa fundi wa karibu. Vipimo hivyo vitatu ndivyo vilivyoilinda baiskeli ya chuma kwa vizazi kadhaa, na kuing'ang'ania kwa watu wa Tabora kunastahili kuhesabiwa kuwa maarifa ya ufundi.