Vyungu vya Fumba na Wimbo wa Pwani

Sisi tufundishao Kiswahili Gitega na Muyinga tuna shida ambayo wenzetu wa Mombasa na Unguja hawaijui. Tukisoma wimbo unaotaja maji kujaa na kupwa, wanafunzi huuliza: "Mwalimu, maji hayo huenda wapi?" Wamezaliwa vilimani. Hata wakiteremka hadi Ziwa Tanganyika, wataona ufuko na mawimbi, lakini hawataona maji yakiondoka na kurudi. Tulipoeleza kwamba neno "pwani" limetokana na "kupwa", mwanafunzi mmoja wa Muyinga alisema: "Basi lugha hii ni ya watu wengine." Neno hilo lilituuma.

Lugha yenyewe ilifika kwetu zamani pamoja na misafara ya biashara, kisha askari na makarani wa utawala wa Kijerumani, ambao mwaka 1912 uliifanya Gitega makao yake. Bahari haikuja nayo. Kwa hiyo tukatafuta mwimbaji wa pwani ambaye maisha yake yangeeleweka vilimani, tukamchagua Siti binti Saad.

Siti alizaliwa yapata mwaka 1880 huko Fumba, kijiji cha pwani kusini-magharibi mwa Unguja. Mama yake alikuwa mfinyanzi, naye alichukua vyungu kwa miguu hadi mjini, akivinadi kwa sauti iliyowafanya watu wasikilize kabla ya kununua. Wanafunzi waliinua vichwa. Vyungu wanavijua: Gitega nako hufinyangwa na kupelekwa sokoni.

Mwaka 1911 Siti alihamia mjini, akajifunza uimbaji wa tarabu. Hakujua kusoma wala kuandika. Mashairi aliyahifadhi moyoni. Mwaka 1928 yeye na wapigaji wake walivuka Bahari ya Hindi hadi Bombay, wakaimba mbele ya mitambo ya kampuni ya His Master's Voice. Upande mmoja wa sahani ya santuri ulichukua dakika tatu hivi tu. Wimbo uliozoea kurefushwa kadiri wasikilizaji walivyotaka ukalazimika kuchaguliwa beti, na kila ubeti uliobaki ulipaswa kustahili nafasi yake.

Hatusemi kwamba Siti aliimba mawimbi. Aliimba mapenzi, dhuluma na mambo ya mji. Lakini hapana shaka kwamba sauti yake ilikomaa katika njia ile ya kutoka Fumba. Wimbo wa pwani hutokana na kazi na mwendo wa watu wa pwani, wala si kwa kutazama maji tu.

Ndipo tukawapa wanafunzi wetu zoezi: watunge wimbo juu ya njia wanayoipita kila siku, usizidi dakika tatu, nasi tuunase kwa simu. Yule wa Muyinga aliimba juu ya ukungu unaojaa bondeni alfajiri, kisha ukapwa jua lichomozapo. Hakutuuliza tena maji huenda wapi.