Spika wa Albany

Makao makuu ya jimbo la New York, nchini Marekani, hayako katika jiji la New York kama wengi wadhaniavyo. Yako Albany, mji wa kadiri ulio ukingoni mwa mto Hudson. Huko hukutana Seneti na Baraza la Wawakilishi lenye wajumbe 150. Lakini kwa miaka mingi watu walinena kwamba mambo makubwa ya jimbo yaliamuliwa na watu watatu katika chumba kimoja, yaani gavana, kiongozi wa Seneti na Spika wa Baraza. Magavana watano walipita katika chumba hicho, mmoja baada ya mwingine. Aliyedumu humo miaka 21 alikuwa Spika, Sheldon Silver.

Alizaliwa mwaka 1944 katika mtaa wa Lower East Side, kisiwani Manhattan, mwana wa Wayahudi waliohamia kutoka Urusi. Alisomea sheria, akachaguliwa kuwa mjumbe mwaka 1976, na mwaka 1994 akakikalia kiti cha Spika. Alikuwa mtu wa maneno machache na sauti nzito. Mwaka 2000 mmoja wa wakuu wa chama chake barazani alijaribu kumpindua. Jaribio lilishindwa, na yule bwana akapokonywa cheo chake. Mwaka 2008 meya wa jiji alitaka magari yaingiayo katikati ya Manhattan yatozwe ada. Mpango ule ulikufa mikononi mwa Silver bila hata kupigiwa kura. Wapangaji wa nyumba walimhesabu kuwa ngao yao, na tukisema haki, hawakukosea kabisa.

Sheria ya New York ilimruhusu mjumbe kufanya kazi nyingine nje ya baraza. Silver alikuwa wakili, akiandikwa katika kampuni kubwa ya mawakili, na alipoulizwa alijibu kwamba aliwatetea watu wa kawaida waliopatwa na madhara. Jibu hilo lilitosha kwa miaka mingi. Nani angemsumbua Spika kwa swali la pili?

Kumbe fedha zilikuwa na njia yake. Alikuwapo tabibu mtafiti aliyeshughulikia saratani inayoletwa na vumbi la asbesto. Silver alimpatia ruzuku mbili za dola 250,000 kila moja, kutoka mfuko wa serikali aliougawa kwa hiari yake pasipo kutangaza. Tabibu naye aliwaelekeza wagonjwa wake kwa kampuni ile ya mawakili, na Silver akapata zaidi ya dola milioni 3 kwa ajili ya kesi ambazo yeye mwenyewe hakuzifanyia kazi. Tena palikuwa na wajenzi wakubwa wa majumba, waliohitaji sheria za kodi na za pango zipite barazani. Hao walipeleka kesi zao kwa wakili rafiki yake, naye Silver akapokea fungu lake, kama dola 700,000. Angalia, msomaji, kwamba hapakuwa na bahasha iliyopitishwa chini ya meza. Kila senti ilikuja kwa hundi halali, ikiitwa ujira wa wakili. Na mpangaji aliyemwamini hakuweza kujua kwamba ngao yake ililipwa na mwenye majumba.

Alikamatwa tarehe 22 Januari 2015, akaacha uspika siku chache baadaye. Tarehe 30 Novemba mwaka huohuo jopo la raia 12 lilimtia hatiani kwa mashtaka yote saba, na kwa amri ya sheria ubunge wake ukakoma siku hiyohiyo. Mwezi uliofuata Dean Skelos, aliyekuwa kiongozi wa Seneti, naye alitiwa hatiani katika kesi nyingine. Basi wawili kati ya watatu wa kile chumba walikuwa wameanguka.

Silver alihukumiwa miaka 12, lakini mambo hayakuishia hapo. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya aliyekuwa gavana wa Virginia, iliamua kwamba kumkutanisha mtu na mkubwa fulani, au kumsemea neno tu, si tendo la madaraka liwezalo kuhesabiwa kuwa limenunuliwa kwa hongo. Kwa ajili hiyo hukumu ya Silver ilitanguliwa mwaka 2017. Alishtakiwa upya, akatiwa hatiani tena mwaka 2018. Mwaka 2020 majaji wa rufani walifuta sehemu iliyomhusu tabibu, wakaithibitisha ile ya wajenzi. Mwisho alipewa miaka sita na nusu na faini ya dola milioni moja. Waliosema kwamba sheria ilimwonea hawakukosa hoja, maana mpaka baina ya fadhila na hongo ulisogezwa kesi ikiwa bado inaendelea. Hata hivyo majopo mawili, yenye watu mbalimbali, yalisikia habari ileile ya fedha yakafika penye jibu moja.

Aliingia gerezani Agosti 2020, akiwa na umri wa miaka 76. Alifariki tarehe 24 Januari 2022, akiwa bado mfungwa.