Kondoo na Mwana Asiye Wake

Katika lugha yetu ya Kiswahili neno moja lawatosha watu wawili. Yule ashikaye fimbo nyuma ya kundi ni mchungaji, na yule asimamaye mimbarani siku ya Jumapili ni mchungaji pia. Wengi wa wasomaji wetu huitwa kwa jina hilo, au hufanya kazi pamoja nao waitwao hivyo. Lakini ni wachache kati yetu waliopata kukesha zizini wakati kondoo wazaapo. Kwa sababu hiyo twapenda kueleza kazi moja ya yule mchungaji wa kwanza, nayo ni kumfanya kondoo jike amkubali mwana asiye wake. Ni kazi ya zamani sana, na ina historia. Tena historia hiyo, kama tutakavyoona, ilifika hata ndani ya Kanisa.

Kwanza na tuijue shida yenyewe. Kondoo azaapo humlamba mwanawe tangu kichwa hata mkia, na katika kumlamba hujifunza harufu yake. Jambo hilo halichukui muda mrefu. Saa moja au mbili zikipita, kwa kawaida amekwisha kumjua, na tangu hapo mwana mwingine akija kutafuta chuchu humnusa penye mkia, kisha humpiga kichwa na kumtupa mbali. Tusimwite mkatili. Ana chuchu mbili tu, na maziwa yake ni kadiri ya kumlisha mmoja au wawili. Kama angewanyonyesha wote wajao, wake mwenyewe angekufa.

Lakini mlango huo ukisha kufungwa huwaacha nje wengi wasio na kosa. Yuko yatima ambaye mama yake alikufa katika kuzaa. Yuko wa tatu kati ya watatu waliozaliwa pamoja. Yuko pacha aliyetangatanga kabla ya kulambwa, mama akamsahau. Yuko mwana wa kondoo azaaye mara ya kwanza, ambaye huyaogopa maumivu na kukikimbia kile kilichokuja pamoja nayo. Na pengine kiwele kina uvimbe, hata kila anyonywapo mama huumia. Mwana aliyekataliwa hana siku nyingi. Asipopata dang'a katika saa za kwanza hukosa kinga ya maradhi, wala dang'a ya kesho haitamfaa kwa jambo hilo, kwa kuwa tumbo lake halitaweza tena kuipitisha kinga hiyo mwilini.

Katika zizi lile lile yuko kondoo aliyefiwa, kiwele kimejaa, naye hulia usiku kucha. Huyu ana maziwa hana mwana, yule ana njaa hana mama, na kati yao pana harufu tu. Kazi ya mchungaji ni kuishinda harufu hiyo.

Njia ijulikanayo zaidi ni ile ya ngozi. James Hogg, aliyezaliwa mwaka 1770 katika bonde la Ettrick, Uskoti, alikuwa mchungaji tangu utoto. Shule aliihudhuria miezi michache tu, kisha akajifunza mwenyewe hata akawa mwandishi wa sifa. Katika kitabu chake The Shepherd's Calendar, kilichotoka mwaka 1829, aeleza kwamba wachungaji wa kwao walichukua kamba ndogo mifukoni. Walipomkuta kondoo amesimama juu ya mwanawe aliyekufa, walimfunga yule mfu kamba shingoni na kumburuta chini, na mama akafuata nyuma mpaka ndani ya nyumba, ambako kwa desturi asingekubali kuingia. Humo waliichuna ngozi ya mfu wakamvika aliye hai, na mama akampokea pasipo shaka. Hogg asimulia pia juu ya kondoo mmoja ambaye hakupatiwa mwana mwingine. Alisimama mlimani karibu na maiti ya mwanawe kwa majuma mengi, hata pasisalie ila manyoya kidogo na mifupa. Mtu akiisoma habari hiyo hatasema tena kwamba mnyama hana huzuni. Thomas Hardy naye, katika riwaya yake ya mwaka 1874 iitwayo Far from the Madding Crowd, amwonyesha mchungaji akimvika mwana-kondoo ngozi ya mwingine, kama jambo la kila mwaka katika kusini ya Uingereza.

Kazi hiyo ina ustadi wake. Ngozi huchunwa nzima kama shati, matundu yakiachwa mahali pa miguu. Mkia hauondolewi, kwa kuwa hapo ndipo mama anusapo kwanza. Yatima huvikwa, kisha hutiwa pamoja na mama katika kizizi kidogo wasipoweza kuachana. Baada ya siku mbili au tatu maziwa ya mama yamekwisha kupita katika mwili wa mwana, na mwana ameanza kunuka maziwa hayo. Ndipo ngozi hukatwa, pengine kipande kwa kipande, kabla ya kuoza. Chini yake mama humkuta mwana ambaye sasa ni wake kweli.

Ziko njia nyingine. Kondoo mwingine akiwa katika utungu, mchungaji humchukua yatima na kumlowesha katika maji ya uzazi, akamweka mbele ya pua ya mama ili alambwe pamoja na mwana halisi, au badala yake. Yatima akiwa amekwisha kupata nguvu, miguu yake hufungwa kidogo ili asisimame upesi. Kwa maana aliyezaliwa sasa hivi hujikongoja na kuanguka, na mama huyajua hayo. Wengine humfunga mbwa karibu na kizizi, ili mama amwone adui na kusimama mbele ya mwana kumlinda. Na akisha kumlinda, mara nyingi humkubali. Wengine hukibana kichwa cha mama kati ya mbao mbili, aweze kula na kulala lakini asiweze kugeuka na kumpiga mtoto anyonyapo.

Msomaji wa Maandiko hatakosa kukumbuka mlango wa 27 wa kitabu cha Mwanzo. Hatusemi kwamba habari ile inahusu desturi hii, lakini ilisimuliwa kati ya wafugaji. Rebeka alimvika Yakobo ngozi za wana-mbuzi mikononi na shingoni, akamvika na mavazi ya Esau. Isaka kipofu alisikia sauti akashuku, akapapasa, na mwisho aliponusa mavazi, akabariki. Mtu aliyepata kumwona kondoo akimnusa mwana mgeni ataelewa kwa nini wasikilizaji wa kale hawakuona ajabu kwamba harufu iliishinda sauti.

Wafugaji wa ng'ombe, farasi na ngamia wana shida iliyo jirani na hii, ila makusudi yao pengine ni mengine. Mtoto amekufa, wala hakuna yatima wa kuwekwa mahali pake; watakacho ni mama ashushe maziwa apate kukamwa. Herodoto Myunani, katika karne ya 5 kabla ya Kristo, aliandika habari za Waskithi, watu ambao mtume Paulo awataja katika waraka kwa Wakolosai. Asema kwamba walitia mirija ya mifupa katika njia ya uzazi ya farasi jike, mmoja akapuliza na mwingine akakama. Wasomaji wengi wa Ulaya waliidhani habari hiyo kuwa hadithi tu. Lakini wafugaji wa bonde la Naili ya juu, katika nchi iitwayo leo Sudan Kusini, wameonekana wakifanya vivyo hivyo kwa ng'ombe, wakipuliza kwa midomo yao. Na E. E. Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha mwaka 1940 juu ya Wanuer, aeleza kwamba ndama akifa ngozi yake hujazwa nyasi kavu, hupakwa mkojo wa mama, na huwekwa mbele ya mama wakati wa kukama. Wamongolia huwabembeleza ngamia wao kwa wimbo na zeze alfajiri au magharibi, hata mama amkubali mtoto wake au yatima. Na mwaka 2015 shirika la UNESCO liliiandika desturi hiyo katika orodha ya zile zihitajizo kulindwa upesi.

Ndama wa nyasi alijulikana Uskoti pia. Aliitwa tulchan, neno ambalo hudhaniwa limetoka katika Kigaeli, maana yake kilima kidogo. Na hapo ndipo habari za zizi ziingiapo kanisani. Baada ya Matengenezo ya mwaka 1560 wakuu wa nchi waliyatamani mapato ya uaskofu wa zamani. Lakini ili wayapate kwa haki ya sheria, ilihitajiwa awepo mtu mwenye jina la askofu. Mwezi wa Januari 1572 mkutano wa Leith ulikubali maaskofu wawekwe. Mwezi uliofuata John Douglas, mzee wa chuo, aliwekwa kuwa Askofu Mkuu wa St Andrews, na sehemu kubwa ya mapato ikamwendea bwana mkubwa mwenye cheo cha Earl wa Morton. John Knox, aliyekuwapo mjini, alikataa kumweka. Patrick Adamson akahubiri kwamba maaskofu ni wa namna tatu, na mfano wake twaweza kuueleza katika Kiswahili pasipo kupunguza kitu: yuko bwana askofu, aliyekuwako zamani za Papa, yuko askofu wa bwana, aliyewekwa sasa ili bwana apate mali, na yuko askofu wa Bwana, naye ni mhudumu wa Injili. Watu wakawaita maaskofu wale wa namna ya pili tulchan, ngozi iliyojazwa nyasi ili ng'ombe atoe maziwa. Miaka michache baadaye Adamson mwenyewe alikubali kuwa Askofu Mkuu wa St Andrews.

Elimu ya siku hizi imewapa haki wachungaji na wapulizaji wa kale. Mwaka 1983 E. B. Keverne wa Cambridge na wenzake walitangaza kwamba njia ya uzazi ya kondoo ikitanuliwa kwa dakika tano tu, kama itanukavyo wakati wa kuzaa, moyo wa mama huamka tena, na aliyekwisha kumjua mwanawe huweza kumpokea na mgeni. Mwendo huo hupeleka habari ubongoni, na homoni iitwayo oksitosini hutoka, ile ile ishushayo maziwa. Basi Waskithi hawakuwa wajinga. Waligusa kweli ambayo hawakuwa na jina lake.

Lakini kati ya ngozi hizi mbili pana tofauti ambayo twaona haifai kuipita. Ngozi ya mwana-kondoo huvaliwa na aliye hai, kwa siku chache, kisha hutupwa. Na anayepata faida ni yatima, pamoja na mama aliyefiwa. Hila hiyo huanza kwa uongo na kwisha kwa kweli. Ngozi ya ndama haina kitu ndani. Haikui, hainyonyi, wala haivuliwi kamwe, na anayefaidika ni mkamaji peke yake. Waskoti waliijua tofauti hiyo kwa kuwa walikuwa wafugaji, nao waliona mara moja ni ngozi ipi iliyoletwa kanisani.

Twawaomba waalimu wetu walio kati ya wafugaji wawaulize wazee juu ya mambo haya: kondoo amkataaye mwanawe huitwaje, mwana aliyepewa mama mwingine huitwaje, na ngozi ile huitwaje siku aivaapo na siku avuliwapo. Maneno hayo na yaandikwe wakati wazee wangaliko. Sisi tulioazima jina la mchungaji tungali na mengi ya kujifunza kwa wenyewe.