Ipyana, Kanisa la Bondeni Kaskazini mwa Ziwa Nyasa

Mtu ashukaye kutoka Tukuyu kwenda Kyela huacha nyuma yake baridi ya mlima Rungwe na mashamba ya chai, akaingia katika bonde la migomba na mpunga, lenye mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo. Katika bonde hilo ndiko iliko Ipyana. Wanyakyusa hawana haja ya kufasiriwa neno hilo, lakini kwa wengine twasema kwamba maana yake ni neema. Leo twataka kueleza habari za kanisa la mahali hapo, na mapema twakiri kwamba tutasema zaidi habari za maneno na watu kuliko habari za matofali.

Nchi hii ilisifiwa na wageni tangu zamani. Joseph Thomson alipopita mwaka 1879 alistaajabia usafi wa vijiji na uzuri wa migomba. Lakini haikuwa nchi ya raha tupu. Mwaka 1887 Mlozi, mfanya biashara ya watumwa na pembe aliyekaa karibu na Karonga, aliwashambulia Wangonde, na wengi wao wakakimbilia kaskazini, ng'ambo ya Songwe, kwa ndugu zao Wanyakyusa. Vita vile vilikuwa havijasahauliwa wamisionari walipofika.

Walifika mwaka 1891, kwa makundi mawili, wote Wajerumani, kwa njia ya maji ya Zambezi, Shire na Ziwa Nyasa. Kundi moja lilikuwa la Wamoravian, ambao kanisa lao lina asili yake Herrnhut; nao walikuwa Theodor Meyer, Theophil Richard, Georg Martin na Johann Häfner. La pili lilikuwa la misheni ya Berlin, chini ya Alexander Merensky, mzee aliyekwisha fanya kazi miaka mingi Afrika ya Kusini. Wakapatana kugawana nchi ili wasigombane: Wamoravian magharibi, watu wa Berlin mashariki. Ndiyo sababu mpaka leo wa Matema ni Walutheri, na wa Ipyana na Rungwe ni Wamoravian. Hao wa kwanza hawakuulizwa wapenda lipi.

Msikilizaji aweza kuuliza, je, Wakatoliki walikuwa wapi? Mapadre Weupe walikuwa wamekwisha shika Karema, pwani ya Ziwa Tanganyika, tangu mwaka 1885, nao Wabenediktini walijenga Peramiho, katika nchi ya Wangoni, mwaka 1898. Pwani yetu ya kaskazini ilikuwa katikati, nayo ilikwisha kushikwa na wengine.

Wamoravian walianza Rungwe, mlimani, penye hewa njema, wala hatuwalaumu. Homa ilikuwa kali, na Georg Martin alifariki mwaka ule ule wa 1891. Hata hivyo mwaka 1894 walishuka bondeni wakaanza Ipyana. Tukumbuke kwamba Ronald Ross alikuwa bado hajavumbua kwamba malaria huletwa na mbu. Jambo hilo lilijulikana mwaka 1897. Watu walidhani ni hewa mbaya ya mabwawa. Basi kukaa Ipyana, penye mvua nyingi na maji yaliyotuama, kulikuwa kujitia hatarini bila kumjua adui ni nani.

Kituo kingine cha wakati huo kiliitwa Rutenganio, maana yake amani. Neema na amani, yote mawili kwa Kinyakyusa! Hapa ndipo twaona busara. Ujumbe mgeni uliingia kwa maneno ya wenyeji, na maneno hayo yakashika mizizi kupita majengo. Tazameni majina ya watoto wa Kyela: Ipyana, Lugano, yaani upendo, Lusubilo, yaani tumaini, Lwitiko, yaani imani, Lusekelo, yaani furaha.

Neno kubwa kuliko yote ni Kyala. Karibu na Ikombe, kando ya Matema, pana pango liitwalo Pali-Kyala, ambapo wazee walikuwa wakitoa sadaka kwa Kyala, shujaa wa kale aliyeaminiwa kuwa na nguvu kubwa. Wamisionari walilichukua jina hilo wakamwita Mungu kwalo. Wengine husema walikosa, kwa kuwa Kyala wa pangoni hakuwa Muumba wa vyote. Sisi twaona ya kuwa walioamua hasa ni wasikiaji: walilipokea jina, wakalitia maana mpya, wala pango halikusahauliwa.

Kisha vita vikaja. Mwezi wa Septemba 1914 askari wa Wajerumani walivuka Songwe, wakapigana na Waingereza Karonga tarehe 9, wakashindwa. Mwezi wa Mei 1916 jeshi la Jenerali Northey likaingia, likautwaa Tukuyu, ulioitwa wakati huo Neu Langenburg. Wamisionari Wajerumani wakaondolewa, wakafungwa. Waskoti wa Livingstonia walipewa kuangalia makanisa, lakini walikuwa wachache, na nchi ni pana. Nani basi aliyefundisha watoto kusoma, nani aliyezika wafu na kuongoza sala Jumapili? Ni walimu na wazee wenyeji, ambao wengi wao majina yao hayakuandikwa vitabuni.

Wajerumani walirudi baada ya mwaka 1925, na vita vya pili vilipoanza mwaka 1939 wakaondolewa tena. Safari hii wenyeji hawakushangaa. Walikuwa wameijua kazi tangu mara ya kwanza. Baadaye uongozi ukawa mikononi mwao kabisa, katika Jimbo la Kusini la Kanisa la Moravian, na kwa Walutheri katika Dayosisi ya Konde. Bondeni ibada husaliwa kwa Kiswahili na kwa Kinyakyusa, na wasalipo kwa Kinyakyusa, jina waliitalo ni lile lile la Kyala.