Mabondeni: Jina la Mahali Lisilo na Watu

Majina ya sehemu za Dar es Salaam yaliyoenea wakati wa ukoloni yaliwataja watu. Uzunguni, Uhindini na Uswahilini yameundwa kwa jina la kundi la wakazi, likafuatwa na kiambishi cha mahali -ni. Hata Kariakoo limehifadhi kumbukumbu ya wapagazi wa Carrier Corps wa Vita Kuu ya Kwanza. Ubaguzi uliozaa baadhi ya majina hayo haufichiki. Hata hivyo, binadamu yumo ndani ya neno. Katika "mabondeni" mna ardhi tu.

Ardhi hiyo ni bonde la Mto Msimbazi: Jangwani, Magomeni Suna, Kigogo, Hananasif. Wahamiaji wa bara walilijaza kwa sababu zinazoeleweka. Kodi ya chumba ilikuwa nafuu, soko la Kariakoo lilifikika kwa miguu, na udongo wenye unyevu ulistawisha mchicha. Songea nayo inahusika na historia ya uhamaji huo. Utafiti wa P. H. Gulliver kuhusu Wangoni na Wandendeule, uliochapwa 1955, ulieleza jinsi uhaba wa fedha vijijini ulivyowaondoa vijana kwenda kutafuta kibarua, hasa katika mashamba ya mkonge. Manamba na mpangaji wa bondeni ni ndugu katika historia, ingawa kwa kawaida husomwa katika vitabu tofauti.

Mpango Mkuu wa jiji wa 1979 ulilihesabu bonde kuwa eneo la hatari. Nyumba ziliendelea kujengwa. Umeme ukafika, serikali za mitaa zikachaguliwa. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, na mamia ya familia yakahamishiwa Mabwepande, mbali na vibarua vyao. Bomoabomoa ya Desemba 2015 ilitekelezwa kwa hoja ya Sheria ya Mazingira ya 2004, inayozuia ujenzi ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Hapo "wakazi wa mabondeni" wakageuka kuwa "wavamizi". Hatari ilikuwa ya kweli. Neno hilo la pili lilifuta miongo ya ujirani, kana kwamba watu wameingia usiku wa jana.

Mradi wa kuendeleza bonde, ulioidhinishwa 2022, ulileta uthamini na fidia. Katika orodha za malipo waliandikwa kwa majina yao.